Storey wa Amani: Mtafiti aliyeifuata michirizi ya kahawia ya muhogo

Mkulima wa muhogo wa Ulaya, Zombo au Mikumi, wilayani Kilosa, anaweza kulitazama shamba lake miezi kumi mizima bila kuona dalili ya kumtisha. Mashina yamesimama, majani ni ya kijani, mnunuzi ameshafika na wamepatana bei. Siku ya kuvuna anang'oa shina, anakuta mizizi minene ya kupendeza, anaukata mmoja ili mteja aone weupe wake, na ndani anakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome la mti. Mteja anafunga mkoba na kuondoka.

Hasara ya namna hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mkulima ameshatumia nguvu, muda na ardhi, na ugonjwa umejificha chini ya udongo hadi dakika ya mwisho. Wataalamu huuita michirizi ya kahawia, kutokana na alama unazoacha kwenye shina changa. Mtu wa kwanza kuueleza kwa maandishi ya kisayansi alikuwa mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, kwenye Milima ya Usambara mkoani Tanga. Alichapisha taarifa hiyo mwaka 1936. Jina lake ni Harold Haydon Storey.

Kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea, Storey ni jina kubwa duniani. Kwa wakulima wa Tanzania, ambao kazi yake imewagusa kupitia mahindi, karanga na muhogo, si wengi waliowahi kulisikia.

Kutoka Natal

Storey alizaliwa mwaka 1894. Kwa sadfa, mwaka huo huo ndipo Mjerumani Otto Warburg alipoandika kwa mara ya kwanza kuhusu ugonjwa mwingine wa muhogo, ule wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya njano, ambao leo wakulima wanauita batobato. Taarifa hiyo ilitoka katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, yaani Tanganyika ya baadaye. Muhogo wenyewe ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ulioletwa Afrika na Wareno, lakini virusi vya batobato la Afrika havikuja nao. Mmea mgeni ulikuta ugonjwa wa wenyeji ukiusubiri.

Kazi iliyompa Storey jina ilianzia Afrika ya Kusini, mjini Durban, jimbo la Natal, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo mashamba ya mahindi na miwa yalikuwa yakisumbuliwa na ugonjwa unaochora mistari myeupe na ya njano kwenye majani, mistari iliyokatikakatika kando ya mishipa ya jani. Mmea ukiupata ungali mdogo hudumaa, na mhindi ukitoka huwa na punje chache au hakuna kabisa. Mkulima wa Kilosa hahitaji kuelezwa zaidi. Ndio ugonjwa wa milia.

Watu walidhani chanzo ni udongo mbovu, wengine wakalaumu mbegu. Storey alifanya jambo ambalo likielezwa leo linaonekana rahisi. Alichukua vidudu vidogo vinavyorukaruka juu ya majani na kufyonza utomvu, vikiwa vimetoka kwenye mahindi yenye milia, akavihamishia kwenye mahindi mazima yaliyofungiwa. Mahindi yakaugua. Vidudu ambavyo havikuwahi kugusa mmea mgonjwa havikuleta kitu. Mwaka 1925 alichapisha matokeo hayo, na kidudu chenyewe kilikuwa kimepewa jina la kisayansi la mbila. Kwa Kizulu mahindi huitwa ummbila.

Kilichothibitishwa hapo kina faida hadi leo. Milia haitoki kwenye mbegu na haitoki kwenye udongo. Inatoka kwenye majani mwitu na kwenye mahindi ya zamani yaliyo jirani, ikibebwa na kidudu. Ndiyo maana shamba lililopandwa kwa kuchelewa, huku jirani akiwa na mahindi makubwa yaliyotangulia, mara nyingi huumia kuliko yote. Katika bonde la Kilosa, ambako wengine hupanda kwa mvua za vuli na wengine kwa masika, na mabondeni kuna mahindi karibu mwaka mzima, kidudu hicho hakikosi daraja la kuvukia kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Sindano ndani ya tumbo la kidudu

Mwaka 1928 Storey alihamia Amani. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa kilimo, kikawa na bustani ya mimea kutoka pembe zote za dunia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilidorora kwa miaka kadhaa, kisha Waingereza wakakifufua kikiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Ni mahali pa ukungu na miti mirefu, mbali na barabara kuu, na kwa mtu anayetaka kukaa na vidudu vyake kwa utulivu palimfaa sana.

Hapo ndipo Storey alipogundua jambo la ajabu. Si kila kidudu cha aina ile kilikuwa na uwezo wa kueneza milia. Vingine vilifyonza mmea mgonjwa, vikashiba, vikahamishwa kwenye mmea mzima, na mmea haukuugua kamwe. Kwa macho vilikuwa sawasawa na wenzao. Wengi wangedhani ni bahati au makosa ya jaribio na kuendelea na mambo mengine.

Storey alivitenganisha, akavizalisha kizazi baada ya kizazi kama mfugaji anayechagua madume. Akapata ukoo unaoeneza ugonjwa na ukoo usioeneza. Akavichanganya, akahesabu watoto, madume na majike. Mwaka 1932 alitangaza kwamba uwezo wa kueneza ugonjwa unarithiwa kutoka kwa wazazi, na kwamba unafuata jinsia kwa namna fulani, kama ilivyo kwa baadhi ya sifa za kuku. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kuonyesha kwamba mdudu huzaliwa akiwa na uwezo, au bila uwezo, wa kubeba ugonjwa wa virusi vya mmea.

Hakuishia hapo. Alijiuliza virusi vinakwama wapi ndani ya kidudu kile kisicho na madhara. Mdudu huyu ana urefu wa milimita chache tu. Storey akachukua sindano nyembamba mno, akatoboa utumbo wa vidudu vya ule ukoo usioeneza, baada ya kuvilisha mmea mgonjwa au muda mfupi kabla. Vidudu vilivyopona jeraha hilo vikaanza kueneza milia. Maana yake ni kwamba ukuta wa utumbo ndio mlango. Kwa ukoo mmoja mlango uko wazi, virusi vinapita kuingia kwenye damu ya mdudu hadi mate yake, na kwa mwingine umefungwa.

Msomaji anayeuza mahindi sokoni anaweza kuuliza jambo hilo lina uhusiano gani na gunia lake. Jibu ni kwamba lilifungua njia nzima ya kuelewa jinsi wadudu wanavyobeba virusi vya mimea, na hakuna dawa wala mbegu kinzani inayopatikana kwa kubahatisha. Hata hivyo ni kweli pia kwamba mkulima wa mwaka 1933 hakupata hata punje moja ya ziada kutokana na sindano ile. Ilibidi kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa kurefu.

Muhogo wa lazima

Miaka ya 1930 ilikuwa ya nzige na njaa katika sehemu nyingi za Tanganyika. Serikali ya kikoloni ilishika muhogo kama akiba ya njaa, na sheria ndogo zikalazimisha kaya kuwa na shamba la muhogo. Mashirika makubwa yalikuwa na mkonge na kahawa yao. Muhogo ulikuwa chakula cha wananchi, na kwa muda mrefu haukuwa na mtu wa kuutafiti. Zao ambalo mtu anaamriwa alime lisipoota vizuri, njaa inabaki palepale na faini juu yake.

Storey aliugeukia muhogo akiwa na mazoea yake ya kutoamini kitu kabla hajakipima. Katika nyanda za chini za kaskazini mashariki ya nchi aliona kwamba ugonjwa uliodhaniwa kuwa mmoja kwa kweli ulikuwa miwili. Kulikuwa na batobato, linaloharibu umbo la jani. Na kulikuwa na huu mwingine, ambao hauharibu umbo la jani bali huweka umanjano kwenye mishipa ya majani ya chini, huchora michirizi kwenye shina changa, na kuozesha mzizi kwa ndani. Ndiyo taarifa ya mwaka 1936.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walichapisha utafiti wao juu ya batobato. Walionyesha kwamba linabebwa na nzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi mtu akitikisa tawi la muhogo, na kwamba nzi hao huambukiza majani machanga tu. Jani likishakomaa haliambukizwi.

Lakini msambazaji mkubwa kuliko nzi ni binadamu mwenyewe. Muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili iliyokatwa kwenye shina lenye virusi huzaa shina lenye virusi. Mtu anaweza kuhamisha ugonjwa kilomita mia mbili kwa siku moja juu ya roli, safari ambayo nzi mweupe angeifanya kwa misimu mingi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza uliotokana na kazi ya Amani ulikuwa wa kawaida kabisa: chagua pingili kwenye mashina mazima na ng'oa yaliyougua mapema.

Ushauri huo ulisaidia palipokuwa na nzi wachache. Tatizo ni kwamba nyanda za chini zenye joto nzi ni wengi, na shamba lililoanza likiwa safi lilichafuka tena baada ya msimu au miwili. Kwa michirizi ya kahawia hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani shina linaweza kuonekana zima huku mzizi ukiwa umeoza. Mkulima anachagua pingili kwa macho, na macho yanadanganywa.

Mti wa mpira

Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 Amani ilianza kutafuta muhogo ambao wenyewe utakataa ugonjwa. Aina zaidi ya mia moja zilikusanywa, za wenyeji na za kutoka nje. Zikapandwa katikati ya ugonjwa ili zijieleze zenyewe. Hakuna hata moja iliyosalimika kabisa. Chache, zikiwemo moja kutoka Java na nyingine za Brazili, zilivumilia kuliko wenzake, na hizo zikachanganywa kati yao. Zikapatikana mbegu nafuu, ila hazikutosha.

Hapo watafiti wakatazama nje ya muhogo, kwenye ndugu zake. Ndugu mmoja alikuwa amesimama jirani tangu enzi za Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walipanda kwa wingi mti wa mpira wa Ceará, ambao asili yake ni Brazili, wakitegemea bei nzuri ya utomvu wake. Bei ya mpira ilianguka mwaka 1913, mashamba yakaachwa, miti ikabaki imezagaa. Ni mti uleule ambao leo watu huupanda uani na kwenye wigo, na ambao majani yake machanga hutwangwa na kupikwa kisamvu. Wanaokula kisamvu cha mpira wanajua kwamba jani lake linafanana na la muhogo; si kwa bahati, kwani ni ukoo mmoja.

Mti huo ulikuwa haushambuliwi sana na magonjwa yale. Amani wakauchavushia muhogo kwa mkono, ua kwa ua. Watoto waliozaliwa walikuwa wakali dhidi ya ugonjwa lakini hawaliki: mizizi yao ilikuwa myembamba na yenye nyuzinyuzi kama kuni. Ikabidi kuwarudisha kwa muhogo, kisha watoto wao kwa muhogo tena, kisha mara ya tatu, kila mara wakichagua wenye mzizi mzuri na kutupa wengine, kisha wakiwapima upya katikati ya wagonjwa. Nichols ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya uzalishaji, na baada yake D. L. Jennings.

Mashina yaliyofaulu hayakupewa majina. Yalipewa namba. Moja lilikuwa 5318/34, jingine 46106/27. Msomaji azikumbuke namba hizi mbili.

Jambo moja halina budi kusemwa. Juu ya ripoti zote za Amani kuna majina ya Wazungu tu. Mashamba ya majaribio hayakujilima yenyewe, wala maelfu ya mashina hayakujihesabu. Wafanyakazi wa Usambara waliopanda, kupalilia na kuvuna majaribio hayo kwa zaidi ya miaka 20 hawamo kwenye orodha ya waandishi. Storey aliwekwa katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi cha London mwaka 1946, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa Uingereza.

Karanga za Kongwa na kutu ya mahindi

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa, ng'ambo ya milima kutoka Kilosa. Vifaa vilisafirishwa kwa reli ya kati kupita stesheni ya Kilosa kuelekea bara. Mradi ulikufa mwaka 1951, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni, na sababu kubwa zilikuwa ukame, udongo mgumu, mashine zisizofaa na mipango ya haraka. Lakini karanga zina adui mwingine anayemsumbua hata mkulima mdogo: ugonjwa unaoufanya mmea udumae na kujikunjia majani kama ua la waridi, hauzai kitu. Tangu mwaka 1928, akiwa na Bottomley wa Afrika ya Kusini, Storey alikuwa ameshaonyesha kwamba ugonjwa huo hubebwa na vidukari, na katika miaka ya 1950 aliurudia tena akiwa na mtafiti mwingine, Ryland. Kupanda mapema na kubananisha mistari hupunguza ugonjwa huo, jambo ambalo halihitaji dawa wala mkopo.

Wakati huo makao ya utafiti yalikuwa yamehamia Muguga, karibu na Nairobi, ambako shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1948. Storey alihamia huko. Amani taratibu ikageuka kuwa kituo cha utafiti wa malaria.

Huko Muguga alikutana na adui mpya. Mwaka 1949 kutu ya mahindi kutoka Amerika ilionekana Afrika Magharibi, ikasambaa kama moto wa nyika, na kufikia mwaka 1952 ilikuwa imefika Afrika Mashariki. Hofu ilikuwa kubwa, kwani mahindi ya Afrika hayakuwahi kuujua ugonjwa huo. Storey na mwenzake A. K. Howland waliagiza mbegu kutoka Amerika ya Kati, wakapata zenye kinga kali, wakaanza kuihamishia kwenye mahindi ya hapa. Muda si mrefu zikajitokeza aina mpya za kutu ambazo kinga hiyo haikuzizuia.

Kilichotokea baadaye kinafundisha unyenyekevu. Wakati watafiti wakiwa bado kwenye vitalu vyao, mahindi ya wakulima yenyewe yalikuwa yakibadilika. Kila msimu mimea dhaifu ilikufa bila kuzaa, iliyovumilia ikatoa mbegu, na mkulima akaweka mbegu hizo kwa msimu ujao. Baada ya misimu kadhaa kutu ikawa ugonjwa wa kawaida katika maeneo mengi ya chini, na hadithi ya mahindi kuangamia ikafifia. Wataalamu wa dunia wanaitaja habari hiyo hadi leo wanapobishana kuhusu njia bora ya kuzalisha mbegu kinzani.

Storey alirudia ugonjwa wake wa kwanza mwishoni. Mwaka 1967, yeye na Howland walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kinga dhidi ya milia inarithiwa kwa njia inayoweza kufuatwa na mzalishaji wa mbegu. Alifariki mwaka 1969, akiwa na miaka 74 au 75, zaidi ya miaka 40 tangu alipofungia vidudu vyake vya kwanza kule Durban.

Namba mbili zilikwenda wapi

Katika wilaya ya Kilosa kazi ya milia iliendelea kwenye kituo cha utafiti cha Ilonga, kilomita chache kutoka mjini, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Katika miaka ya 1980 Ilonga ilitoa mbegu za mahindi zilizopata umaarufu nchini, zikiwemo Staha na TMV-1, ambazo sifa yao mojawapo ni kuhimili milia. Mfanyabiashara wa pembejeo wa Kimamba au Mikumi aliyeziuza mbegu hizo alikuwa anauza jibu la swali lililoulizwa mwaka 1925.

Muhogo ulikuwa na safari ndefu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi ya uzalishaji wa muhogo Amani ilisimama, na sehemu kubwa ya mashina yale yenye namba ikapotea. Muhogo hauwekwi ghalani. Usipopandwa tena, umekwisha.

Lakini namba 5318/34 ilikuwa imetoka nje ya nchi. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria, Ibadan, na kutoka humo likachaguliwa shina lililoitwa 58308. Kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, IITA, kilipoanza kazi ya muhogo huko Ibadan mwaka 1971 chini ya Sang Ki Hahn kutoka Korea, shina hilo ndilo lililotumika kama chanzo cha kinga. Humo zikazaliwa mbegu zilizoenea Afrika nzima, ikiwemo ile iliyoitwa TMS 30572. Batobato kali lilipofagia mashamba ya Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, watu wakakosa hata pingili ya kupanda, TMS 30572 ni mojawapo ya aina zilizowarudisha shambani; Waganda waliipa jina la Nase 3. Damu ya mti wa mpira iliondoka Tanga, ikazunguka Afrika Magharibi, na kurudi Ziwa Victoria. Batobato kali lenyewe lilivuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990.

Michirizi ya kahawia haikupata mwisho wa namna hiyo. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba ni ugonjwa wa nyanda zilizo chini ya mita 1,000, zikiwemo za pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa. Kilosa na Mikumi ziko chini ya kiwango hicho. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana Uganda, kisha kanda ya ziwa, mahali pa juu ambako haukutegemewa. Mwaka 2005 ndipo ilipothibitishwa kwamba nao hubebwa na nzi weupe, karibu miaka 70 baada ya taarifa ya Storey, na baadaye ikajulikana kuwa virusi vyenyewe ni vya aina mbili. Hadi sasa hakuna muhogo usiougua kabisa. Kuna unaovumilia, kama Kiroba unaojulikana sana ukanda wa pwani, na aina nyingine zilizotolewa na watafiti wa Kibaha na Naliendele. TOSCI, yenye makao yake Morogoro, hukagua vipando vya muhogo kama inavyokagua mbegu za nafaka, hivyo mwenye kununua pingili kwa wingi ana mahali pa kuuliza kabla hajalipa roli.

Na ile namba ya pili, 46106/27? Wakulima wa pwani ya Kenya waliipokea, wakaipenda, wakaipa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo wa siku nyingi uitwao Namikonga, unaosifika kwa kutooza mizizi hata ukiwa katikati ya mashamba yenye ugonjwa, na wengi waliuhesabu kuwa wa kienyeji. Vipimo vya vinasaba vilipofanywa, Kaleso na Namikonga zilionekana kuwa mmea mmoja. Wakulima walikuwa wameutunza kwa kupeana pingili, jirani kwa jirani, miaka yote ambayo vitalu vya Amani vilikuwa vimeota pori. Watafiti wa Tanzania wameuchanganya Namikonga na Albert, aina inayoozeshwa haraka na ugonjwa huo, ili watafute ni sehemu gani ya urithi wake inayoulinda mzizi.